Kwa Nini Hatufundishi Tumbo Peke Yake

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, dereva wa malori anayeishi Mwanga hapa Kigoma, alisimama kwenye meza ya ukumbi wetu wa mazoezi akadai arudishiwe ada yake ya shilingi 40,000. Alikuwa amepiga sitapu 200, yaani kulala chali na kuinua kiwiliwili, kila jioni kwa wiki nne, na mkanda wa suruali ulikuwa ungali unafungwa kwenye tundu lile lile. Uchungu wake niliuelewa, lakini sikukubali kwamba amedhulumiwa, kwa sababu siku ya kujiandikisha aliomba afundishwe tumbo tu, tukamweleza kwamba huduma hiyo hatuitoi, naye akaenda kufuata mpango wake mwenyewe nyumbani. Malalamiko ya aina hii hayaishi, ndiyo maana nayajibu kwa maandishi.

Msuli unaofanyishwa kazi hauli mafuta yaliyo juu yake. Mwili ukihitaji nguvu huchota akiba kutoka sehemu zote, kwa mpangilio unaotokana na maumbile, jinsia na umri, na kwa wanaume wengi kitambi huwa miongoni mwa sehemu za mwisho kupungua kwa macho. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kalori 7,700, ilhali kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori zipatazo 120, kiasi ambacho sitapu 200 huenda zisikifikie. Simkatazi mtu mawese wala samaki wetu wa migebuka wa kukaanga. Ninachoomba ni kwamba mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Dereva yule nilimlaza mkekani, nikaweka kiganja changu chini ya kiuno chake, nikamwomba akibane sakafuni huku akiushusha mguu mmoja ulionyooka, taratibu. Kisigino hakijafika nusu ya njia, kiuno kilikwisha kunyanyuka na kiganja changu kikawa huru. Sitapu zake zote zilikuwa zikifanywa zaidi na misuli ya nyonga, ile inayounganisha paja na uti wa mgongo, na maumivu ya kiuno aliyokuwa akiyasingizia usukani huenda yalichochewa na hapo. Kazi kubwa ya misuli ya tumbo ni kuushikilia mgongo usiyumbe unapobeba, unapovuta au unapogeuka. Wavuvi waliowahi kujiandikisha kwetu kutoka Kibirizi walikuwa na matumbo magumu kama ubao, ingawa hawakuwahi kupiga sitapu, kwa kuwa wamevuta nyavu tangu ujana.

Akina mama waliojifungua wanahitaji uangalifu zaidi. Mama mmoja aliletwa na wifi yake baada ya kuhangaika na sitapu kwa miezi miwili, tumbo likizidi kujitokeza katikati. Alipolala chali na kuinua kichwa kidogo, vidole vyangu vitatu viliingia juu ya kitovu, kati ya misuli miwili iliyoachana wakati wa ujauzito. Tulizisimamisha sitapu siku ile ile, tukamshauri aonane na mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kisha tukaanza naye kwa mazoezi ya pumzi tu.

Kinachonisikitisha kuliko yote ni njia ya mkato. Watu hununua mikanda ya kubana tumbo, wengine hukimbia juani wakiwa wamevaa koti la mvua, kisha hufurahia mizani kushuka kilo moja, kumbe ni lita moja ya jasho itakayorudi wakishakunywa maji. Chai za kupunguza tumbo nyingi huwa na dawa ya kuharisha. Aliyetumia fedha zake huko hufika kwetu akilalamika kwamba 40,000 ni nyingi.

Ada hiyo inalipia vipindi vitatu kwa wiki, vya kuchuchumaa na chuma, kuvuta, kusukuma, kutembea kwa kasi na planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, huku mwalimu akiwa amesimama karibu nawe kurekebisha mgongo kabla haujaumia. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, pumzi ikiwa imetolewa kawaida, na kipimo kinaandikwa kwenye daftari mbele ya mteja mwenyewe. Ada ya dereva sikuirudisha. Nilimwongezea wiki mbili bila malipo kwa sharti la kufuata ratiba yetu. Alianza na sentimita 104, na Jumamosi iliyopita tuliandika 102.