Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mtwara

Ndugu wanachama,

Habari za fedha zimo kwenye taarifa ya mhazini mliyogawiwa mlangoni. Wenye malimbikizo ya ada wanajijua. Mimi nitazungumzia kazi iliyotuchosha kuliko zote mwaka huu: kupitia ramani za wodi na vituo vya afya tulizoletewa tutoe maoni.

Ramani nyingi zilianza na mashine. Chumba cha eksirei kikapangwa kwanza, CT skani ikafuata, wodi ikabanwa kwenye nafasi iliyobaki. Kamati inaona mpango huo umepinduliwa. Mashine huzeeka ndani ya miaka kumi hivi, ilhali jengo la zege linatumika miaka hamsini na zaidi. Hatujui mganga wa wakati huo atatumia vifaa gani, ila tunajua atahitaji hewa, maji, umeme na kiwanja cha kuongezea.

Kwenye hewa ndipo tulipobishana hadi usiku. Mafundi wetu walitaka viyoyozi, wauguzi wakataka madirisha. Nami nawaunga mkono wauguzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka wodi inayotegemea upepo ipate lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba kipya cha wenye maradhi ya kuambukiza kwa hewa, kama kifua kikuu, lita 160. Kiyoyozi cha ukutani kinaipoza hewa ileile na kuizungusha. Kikohozi cha kitanda cha kwanza kinafika cha mwisho. Sisi tuna pepo za kusi na kaskazi bila bili. Wodi iliyolazwa mashariki–magharibi, yenye madirisha makubwa pande zote mbili, hupitisha pepo zote mbili, na kuta zake ndefu hazichomwi na jua la asubuhi wala la jioni. Korido ya katikati ndiyo inayoua upepo. Hospitali ya Butaro, Rwanda, iliyofunguliwa 2011, iliitoa korido nje, na watu wanasubiri kwenye hewa wazi. Watu wa Mikindani wanaojua baraza za mbele ya nyumba hawatashangaa. Chumba cha upasuaji ni kesi nyingine: kule mitambo yenye vichujio haikwepeki, na hakuna aliyebisha.

Jambo dogo kwa wakandarasi: msifyeke kiwanja kizima. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa waliopasuliwa kifuko cha nyongo na kulazwa dirishani penye miti waliruhusiwa mapema, na wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Mwembe uliokwishakua ni dawa ya bure, na kivuli chake ndicho ndugu wa wagonjwa wanachokalia.

Hao ndugu karibu hawakuchorwa popote. Mgonjwa wa Newala au Nanyumbu haji peke yake. Anakuja na mtu wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza kitandani. Wakikosa jiko, bomba na pa kulala, watapika nyuma ya wodi na kulala chini ya vitanda. Tumeomba mahali pao paingie kwenye ramani ya kwanza, pasiachiwe bajeti ya baadaye.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam eneo la Somanga, kila mtu aliona jinsi tunavyotegemea njia moja. Kwa hiyo stoo ya dawa, oksijeni na mafuta ya jenereta ipimwe kwa siku ambazo lori halifiki, na vyote vikae juu ya usawa wa maji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikitekelezwa inavyokusudiwa, wanaobaki nyumbani kwa kukosa fedha watakuja. Kila ramani ionyeshe wodi ya pili itakaa wapi, hata kama leo hapo pana mihogo.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura: ramani isiyoonyesha kusi na kaskazi irudishwe kwa mchoraji kabla hatujaijadili. Wanaopinga watapewa nafasi ajenda ya tano, kabla ya uchaguzi wa mhazini.