Kiumbe ni Kilekile: Barua Kuhusu Mutate

Ndugu yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, na nimefurahi mno kusikia umerudi kwenye mchezo wetu wa kadi, Magic: The Gathering, baada ya kuzifungia kadi zako miaka yote hiyo. Unasema umekutana na viumbe vyenye Mutate, yaani uwezo wa kuungana na kiumbe kingine, ukasoma yale maelezo madogo chini ya kadi, na ukabaki na maswali mengi kuliko majibu. Basi kaa vizuri tuongee, maana huu ni mfumo ninaoupenda kuliko mingi iliyoletwa tangu ulipoondoka.

Mutate ilikuja na toleo la Ikoria: Lair of Behemoths, mwaka 2020, ambalo ulimwengu wake umejaa madubwana yasiyoacha kubadilika maumbile. Kiumbe chenye Mutate kina bei mbili. Unaweza kukilipia mana yake ya kawaida (mana ndiyo nguvu tunayolipia kadi, na hutoka hasa kwenye kadi za ardhi), ile iliyo juu kwenye kona, kikaingia uwanjani kama kiumbe kingine chochote. Au unalipa bei ya Mutate, unachagua kiumbe kilicho mali yako ambacho si binadamu, na kadi hizo mbili zinaungana kuwa kiumbe kimoja. Ipi ikae juu na ipi chini, unaamua wewe wakati uchawi, yaani kadi uliyoicheza, unakamilika, si wakati wa kulipa. Kadi ya juu ndiyo inayotoa jina, rangi, aina, nguvu na ustahimilivu. Uwezo unatoka kwenye kadi zote, za juu na za chini, na unaweza kuendelea kurundika kadi ya tatu na ya nne ukipenda.

Lakini hayo umeshayasoma. Kinachokuchanganya, nadhani, ni kwamba unaitazama kadi ya pili kama mgeni anayeingia. Hakuna aliyeingia. Kiumbe ni kilekile kilichokuwa mezani, kimebadilika tu, na ukilishika hilo karibu maswali yako yote yanajijibu. Uliniuliza kama kinaweza kushambulia zamu hiyohiyo. Kama kilikuwa chini yako tangu zamu yako ilipoanza, ndiyo, kinaweza. Kaunta zake za +1/+1, zile alama za kuongeza nguvu na ustahimilivu, zinabaki, Aura (kadi za uchawi zinazobandikwa kwenye kiumbe) zilizokishikilia zinabaki, na kama kilikuwa kimelazwa ubavu, ishara kwamba kimeshatumika, kinabaki hivyohivyo. Hata majeraha kiliyoyapata zamu hiyo hayafutiki. Na ule uwezo unaofanya kazi kiumbe kinapoingia uwanjani hauamki kabisa. Badala yake kadi nyingi za Mutate zina uwezo wake maalumu unaoamka kila kiumbe kinapobadilika.

Chukua mfano ninaoupenda. Zamu ya pili unamweka Paradise Druid, mwenye nguvu 2 na ustahimilivu 1. Analala ubavu kukupa mana moja ya rangi yoyote, na akiwa amesimama mpinzani hawezi kumlenga kwa uchawi wala uwezo wowote. Zamu ya tatu una ardhi tatu, na mkononi una Gemrazer. Bei ya kawaida ya Gemrazer ni mana nne, ila kwa Mutate ni tatu, mbili kati yake za kijani. Unalipa, unamweka juu ya Druid, na ghafla una kiumbe cha 4/4, yaani nguvu 4 na ustahimilivu 4, kinachoweza kuzuia warukao, ambacho kikishambulia, madhara yanayozidi ustahimilivu wa kizuizi yanampata mpinzani mwenyewe. Kinaweza kushambulia papo hapo. Bado kinatoa mana, na bado hakilengwi kikiwa kimesimama. Juu ya hayo, kila kinapobadilika kinavunja kifaa au uchawi wa kudumu wa mpinzani.

Sasa angalia vizuri hapo kwenye malipo, kwa sababu ndipo ustadi wote ulipo. Ardhi zako tatu zinatosha. Ukilipa kwa ardhi zote tatu, Druid anabaki amesimama, na wakati uchawi wako unasubiri kukamilika mpinzani hana namna ya kumlenga. Ukitumia mana ya Druid ili ubakize ardhi moja, umemlaza, umemvua kinga yake mwenyewe, na mpinzani ana nafasi ya kumuua kabla Gemrazer hajafika. Mana ileile, kiumbe kilekile, matokeo tofauti kabisa. Ndiyo maana nauona huu kuwa mfumo wa watu makini.

Na tuseme amemuua kweli katikati ya jambo. Hapa watengenezaji walifikiri vizuri sana: kiumbe ulichokilenga kikitoweka, kadi yako ya Mutate haipotei. Inakamilika kama kiumbe cha kawaida, na Gemrazer anaingia peke yake akiwa 4/4, kwa mana tatu badala ya nne. Hatashambulia zamu hiyo, kwa sababu safari hii ameingia kweli. Unakumbuka tulivyokuwa tukilia na Aura zetu za zamani, unamlenga kiumbe, anauawa, na Aura inaenda kaburini naye? Hapa hilo halipo. Anayeweza kukuharibia ni yule mwenye kadi ya kuzuia uchawi wenyewe. Huyo akizuia, umeipoteza.

Hatari ya kweli inaanza baada ya kuungana. Kiumbe kikifa, kadi zote zilizomo zinakwenda kaburini pamoja. Kadi moja ya mpinzani imekula mbili zako, au tatu, au nne. Bestow ya toleo la Theros, mwaka 2013, ambayo kadi ya kiumbe iliweza kuvikwa kiumbe kingine kama Aura, ilikuwa na huruma zaidi upande huu, maana kiumbe kilichovikwa kilipokufa, kadi ya Bestow ilibaki uwanjani ikawa kiumbe. Mutate haina huruma hiyo. Ukiwa na mpinzani mwenye kadi nyingi za kuua, usirundike kwa tamaa. Gawanya, weka vingine kwa bei ya kawaida, umlazimishe atafute jibu zaidi ya moja.

Rudi kwa yule Druid wetu uone uchungu wake. Akishambulia analala ubavu, na kinga imekwisha. Tena hasimami mpaka zamu yako ijayo, kwa hiyo mpinzani ana zamu yake nzima ya kumshughulikia. Kila zamu unachagua: upige madhara manne uwe wazi, au utulie usiguswe. Mimi mapema kwenye mchezo napiga, maana mpinzani mara nyingi hana mana ya kufanya yote mawili, kujijenga na kujilinda. Baadaye nakuwa mchoyo.

Kuna kadi moja nataka uiweke kwenye fungu lako, Sea-Dasher Octopus, kama unacheza kijani na bluu. Bei yake ya Mutate ni mana mbili, moja ya bluu, na inachezwa wakati wowote, hata katikati ya vita. Unashambulia na Gemrazer, mpinzani anaamua kutozuia, ndipo unamsukumia Octopus chini. Chini, tafadhali, kwa sababu yeye ni 2/2 na akikaa juu umelipunguza dubwana lako katikati ya shambulio. Kiumbe ni kilekile, kwa hiyo bado kinashambulia na bado hakijazuiwa. Kimebadilika tena, kwa hiyo ule uwezo wa Gemrazer unaamka upya. Na madhara yakimfikia mpinzani unachukua kadi, kwa sababu uwezo wa Octopus sasa ni wa kiumbe hicho. Mpinzani akikiua kiumbe kabla hujakamilisha, Octopus anaingia uwanjani peke yake kama kiumbe cha kawaida, na hukubaki mikono mitupu.

Swali lako la mwisho, kuhusu kadi zinazorudisha kiumbe mkononi: kadi zote zinarudi, kila moja kivyake. Umepoteza muda na mana, lakini hukupoteza kadi. Na kikiondolewa mchezoni kisha kurudishwa uwanjani, kadi zinarudi zikiwa viumbe tofauti, vipya kabisa, na hapo ndipo uwezo wa kuingia uwanjani unaamka kwa kila kimoja.

Kuhusu binadamu, usihangaike kutafuta njia ya kuzunguka. Sharti linaangalia aina iliyoandikwa kwenye kiumbe unachokilenga. Druid ni Elf, anafaa. Kabla hujalijenga fungu lako, pitia tu aina za viumbe vyako vya bei nafuu, na vile vya binadamu uviweke kando, kwani hivyo ndivyo vitakavyokukwamisha ukiwa na Mutate mkononi.

Ukishalipanga, niandikie orodha yake yote, pamoja na idadi ya ardhi. Napenda kuona umeweka nini chini ya Gemrazer kama Druid hakutokea.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.