Barua kwa mwanangu: utalala saa ngapi?

Kwako mwanangu Hamisi,

Sisi huku hatujambo, presha ya mama yako imeshuka kidogo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "niko poa baba", kisha salio linaisha, langu au lako sijui. Mwanaidi ataipiga picha barua hii akutumie. Isome yote, usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na ufahamu wa mtihani.

Nimesikia umepewa usukani. Miaka minne ya utingo, leo dereva, na Ijumaa unapakia bandarini kwenda Lubumbashi. Nimewaambia watu wote msikitini, hata wasiouliza. Lakini utalala saa ngapi? Tajiri wako anahesabu siku za kwenda na kurudi, za kulala hazihesabu. Juzi redio imesema lori limeanguka tena mlima Kitonga, dereva alisinzia. Mama yako akaizima, akaanza kuchambua mchele ambao alikwisha kuuchambua asubuhi.

Usiku huo usingizi ulinikataa. Usicheke: niliwasha ile kompyuta yako ya chogo. Mpaka ifunguke nimechemsha chai na kuinywa. Gemu yako ya kuku, ile Chicken Invaders 2, bado ipo. Miaka yote ile niliisikia tu kutoka chumba cha pili, sikuwahi kuikalia. Nilijua ni upuuzi, kuku wa angani kumtagia mtu mayai kichwani, na ni upuuzi kweli. Ila jiografia yake siwezi kuikosoa. Unaanzia Pluto, unakuja Neptuni, Uranusi, Zohali, Mshtarii, unazidi kuingia ndani mpaka Jua. Imetoka 2002, Pluto ikiwa bado na cheo chake. Wanafalaki walikuja kuivua usayari 2006 na mimi nikafuta noti zangu za kidato cha kwanza. Vituo kumi na moja, kila kimoja mawimbi kumi, jumla 110. Nilikuwa nikisema unapoteza muda. Sikujua ni mwingi kiasi hicho.

Mwanaidi anasema aliyeitengeneza ni Mgiriki, Konstantinos Prouskas, na ya kwanza kabisa aliitoa 1999. Wagiriki ninaowakumbuka mimi huku walikuwa na mashamba ya mkonge.

Basi nimekufa Pluto mara tatu. Ya kwanza nilifuata mapaja ya kuku yanayodondoka, tamaa tu. Ya pili sijui. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ilikuwa saa nane usiku. Yai lilitoka kwa kuku wa pembeni, jeupe, likashuka taratibu, nikaliona tangu linatoka mpaka linafika. Mkono haukusogea. Macho yalikuwa wazi, Hamisi. Sikusinzia. Niliona, nikajua natakiwa nikwepe, nikabaki nalitazama. Ninyi madereva mnasema "mimi sisinzii, nina mirungi, nina kahawa". Sijaongelea kusinzia. Naongelea lile yai.

Halafu nikagundua kibonye cha Esc, kile cha kwanza kushoto juu. Ukikibonyeza kila kitu kinasimama, mayai yananing'inia hewani. Nikaenda chooni, nikarudi, yako palepale. Wewe hukukigusa hata siku moja. Ulikuwa ukibana mkojo huku unatikisa mguu mpaka meza inalia. Ndiyo maana nakuuliza utalala saa ngapi, kwa sababu nakujua. Kutoka Dar mpaka Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900, na hapo bado Zambia nzima hujaigusa. Kuna Mikumi, wanyama wanakatiza usiku. Kuna Kitonga, na wakati wa kurudi unaishuka na mzigo.

Kuna jambo moja la zamani niliweke sawa. Usiku ule ulipobakiza Jua, umeme ukakatika, ukapiga ngumi ukutani. Haukuwa mgao. Majirani walikuwa na taa, hukuchungulia nje tu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye swichi kubwa, na kesho yake ulikuwa na mtihani wa Hisabati. Ambao ulifeli hata hivyo. Sasa huko Mikumi swichi iko wapi? Nitatoka na kandambili usiku niende kuzima wapi?

Nimeona pia kwamba gemu ile inaweza kuchezwa na watu wawili. Uliniambia, nikasema nasahihisha. Zile daftari nyingine nilisahihisha hata wiki mbili baadaye na hakuna mwanafunzi aliyelalamika.

Mambo ya nyumbani: bati la jikoni limefungwa, fundi anadai elfu ishirini, ukipata. Luku inakwenda haraka tangu kompyuta iwashwe, mama yako anapiga kelele na ana haki. Mdondo umepita mtaani, kuku wake wamebaki wanne kati ya kumi na tisa. Alilia, nami nikakosea kumwambia huku kwetu kuku wanakufa wenyewe bila kupigwa kombora. Hakunisemesha siku mbili.

Ulipokuwa utingo ulipita Msamvu mara ngapi bila kushuka? Mara sita ninazozijua, Mwanaidi aliwahi kuliona lori. Nilinyamaza kwa kuwa usukani haukuwa wako. Sasa ni wako. Ukifika Morogoro egesha, piga simu saa yoyote, hata saa tisa usiku, siku hizi niko macho. Chumba chako tumetoa magunia ya mahindi, chandarua kipya, kuku mmoja kati ya wale wanne keshatajwa jina lako. Ukisema tajiri ana haraka, nipe namba yake niongee naye mimi. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, watu wa namna hiyo nawaweza.

Na ukiwa Dar pita Kariakoo uninunulie mausi, kibonye cha kushoto kinanata nikifyatua. Nimefika Zohali.

Baba yako

N.B. Mausi ya waya, siyo ya betri.