Mtambo wa taka: mwandishi wenu amesahau maji

Mhariri,

Miaka yote hii nimesoma gazeti lenu bila kuwaandikia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya mtambo wa kuchoma taka za majumbani, ile yenye picha ya bomba refu lisilotoa moshi. Mwandishi wenu alichukua tani 1,000 za taka kwa siku, akazidisha kwa uniti 600 za umeme kila tani, akatangaza megawati 25. Kuzidisha amezidisha sawasawa. Alichosahau ni maji.

Uniti 600 kwa tani ni mavuno ya taka zilizojaa makaratasi, maboksi, plastiki na vitambaa, zenye joto la megajuli 9 au 10 kwa kilo. Pipa ambalo zaidi ya nusu yake ni maganda, makombo na majani mabichi hutoa megajuli 5 au 6, na mvua zikianza hupungua tena. Kila kilo ya maji hunyonya takriban megajuli 2.4 ili igeuke mvuke, kisha mvuke huo hupanda bombani na kwenda zake. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1999 uliweka mpaka: wastani wa mwaka usipungue megajuli 7 kwa kilo, na msimu wowote usishuke chini ya 6. Kipimo hicho hamkukitaja popote, ingawa urefu wa bomba mliutaja mara mbili.

Basi tuhesabu upya kwa megajuli 6. Mtambo wa taka hugeuza sehemu ndogo tu ya joto kuwa umeme, kwa sababu mvuke wake huishia kwenye nyuzi 400 hivi. Ukipandisha zaidi, klorini inayotoka kwenye chumvi ya jikoni na plastiki za PVC hula mabomba ya boila. Nachukua asilimia 20. Tani moja inatoa uniti 333. Toa zinazoliwa na feni, pampu na kreni za mtambo wenyewe, zinabaki 290 hivi. Megawati zenu 25 zimekuwa 12.

Na hizo 12 hupatikana kazi ikifanyika ipasavyo, kazi ambayo mwandishi aliimaliza kwa kusema taka "huingizwa tanurini". Huingizwaje? Taka mbichi haziendi motoni moja kwa moja kutoka kwenye lori. Humwagwa kwenye shimo kubwa la zege, zikakaa siku tano hadi saba zichuje maji, huku kreni yenye kucha ikizichota na kuzichanganya usiku na mchana ili zilizolowa na zilizokauka zisiende motoni kwa mafungu. Maji yanayochuruzika yanaweza kufika kilo 100 hadi 200 kwa tani, meusi, yenye kunuka, na yanahitaji mtambo wake wa kuyasafisha. Hewa ya kuwashia moto hufyonzwa juu ya shimo hilohilo, ndiyo maana harufu haitoki nje. Siku tanuri likizimwa kwa matengenezo, majirani watajua wenyewe. Ndani ya tanuri, juu ya wavu wa chuma unaosogea, taka hukauka kwanza, zikawaka, zikamalizikia, na safari hiyo huchukua kama saa nzima. Zikija zimelowa kupita kiasi, moto husogea mwisho wa wavu, na vitu visivyoungua huangukia kwenye majivu. Hapo joto la gesi hushuka chini ya nyuzi 850, kiwango ambacho sheria za Ulaya hutaka kidumu angalau sekunde mbili ili sumu za dioksini zivunjike, na vichomeo vya dizeli au gesi hulazimika kuwaka. Kwa maneno mengine, unanunua dizeli ili ukaushe maganda. Je, mita ya dizeli nani ataisoma, na uniti zake zitatolewa kwenye hizo megawati 25? Sijazungumzia mchanga unaofagiliwa pamoja na taka, ambao hauwaki bali husaga vyuma. Makopo ya alumini, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660 na kuziba matundu ya hewa ya wavu. Wala springi za godoro zinazokwama mlangoni hadi tanuri lizimwe.

Mmesifia majivu kwamba yatakuwa matofali. Majivu yapi? Yale ya chini ya wavu, kilo 200 hivi kwa tani, yanaweza kupimwa, kuondolewa vyuma na kutumika chini ya barabara. Ya kwenye vichujio vya moshi ni mengine kabisa: yana metali zenye sumu, yaani risasi na kadimiamu, pamoja na dioksini, na kwa mtambo huo yatakuwa kama tani 30 kila siku. Hayo huzikwa kwenye shimo lenye tandiko lisilopitisha maji. Shimo hilo sikuliona kwenye ramani yenu.

Halafu kuna mkataba, ambao huwa hamuugusi. Mitambo hii mara nyingi hailipwi na umeme. Hulipwa na ada ya langoni kwa kila tani, na mikataba mingi huitaka manispaa ilipie hata tani ambazo haikuleta. Siku hiyo mwokota chupa na maboksi anageuka adui wa bajeti, kwa kuwa anaondoa kitu pekee kilichokuwa kikiwaka vizuri. Msitujibu kwa mfano wa Amager Bakke, mtambo wa kuchoma taka wa Copenhagen, Denmark. Ule huuza joto majumbani kwa mabomba, na kwenye mji wa jua kali sijui mtamuuzia nani maji ya moto.

Siupingi mtambo. Koshe, dampo la Addis Ababa, liliporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 100; mwaka uliofuata mtambo wa kuchoma taka wa Reppie ukazinduliwa palepale. Tanuri hupunguza ujazo wa taka kwa karibu asilimia 90, na hiyo ni sababu tosha ya kulijenga. Umeme ni chenji. Uandikeni hivyo.

Kabla ya kuchapisha habari nyingine, mtumeni mwandishi dampo, msimu wa mvua. Achague malori kumi, amwage kiasi kutoka kila moja juu ya turubai, achanganye kwa koleo, agawe mafungu manne, atupe mawili yanayotazamana, na arudie hadi zibaki kilo 100. Azipime, azikaushe kwenye nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, kisha uzito wote wawili uchapwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kama zile za megawati. Oveni ikikosekana, chumba chenu cha habari kina meza za kutosha na madirisha yanafunguka. Ila mifuko ifungwe barabara njiani. Sampuli ikikauka ndani ya gari mtarudia kosa lilelile.

Fundi wa boila