Sanduku lina kufuli tatu: barua kwa kikundi chetu cha hisa na mwezeshaji wetu

Wanangu wa kikundi, na wewe mwanangu mwezeshaji,

Shikamoo zenu nilizipokea Jumatano, lakini sikutoka mkutanoni na moyo mweupe.

Mwezeshaji, mkutano ni saa nane. Ulifika saa tisa na nusu, mama wa maandazi ameacha jiko, hukuomba radhi. Ukazungumza peke yako karibu saa nzima. Kisha ukaomba funguo, ukafungua sanduku, ukahesabu pesa na kugonga mihuri kwenye vitabu vya hisa kwa mkono wako. Na washika funguo wetu watatu wakakupa, kama abiria anavyompa konda nauli!

Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka akiba kwa hisa na kukopeshana ulianza Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, wengi wao hawakujua kusoma. Kinga yao ilikuwa macho na kumbukumbu. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne. Pesa huhesabiwa hadharani, salio hutangazwa, kila mmoja analikariri, na kwenye mkutano unaofuata salio hilo hutajwa kabla ya kuhesabu. Mwezeshaji hagusi pesa wala vitabu. Anafundisha, anasahihisha, anapunguza kuja, mpaka siku hatumhitaji tena.

Sasa ninyi wanangu. Katibu alipouliza salio la wiki iliyopita, watu 25 mlinyamaza. Wengine mmeinamia simu.

Kimya hicho nakijua. Kikundi changu cha kwanza, siku ya kugawana akiba, pesa zilipungua laki nne. Hakuna aliyeweza kusema zilipotea wiki ipi, maana hakuna aliyekuwa anakariri salio. Jirani yangu alitegemea mgao ule kwa ada. Mwanawe akakaa nyumbani muhula mzima. Tukamwandama mhasibu kwa maneno, nami nikiwemo. Lakini mimi nilikuwa nikikaa mkeka wa mbele, wiki baada ya wiki, nasuka ukili, pesa zinahesabiwa sitazami.

Tumelelewa kunyamaza. Shuleni anayeuliza anaitwa mjuaji. Kwenye mkutano wa mtaa mapato na matumizi husomwa mbiombio, tunapiga makofi, tunatawanyika. Semina watu wanaitazama karatasi ya kusaini posho kuliko anayefundisha. Halafu tunalalamika kwamba viongozi wanatuibia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imetuweka daraja la nne, la vikundi vya kijamii, tumesajiliwa, cheti tunacho. Lakini hakuna afisa wa halmashauri atakayekuja kutuhesabia pesa kila Jumatano.

Mengine mnayajua: kuwahi, simu kuzimwa, faini kulipwa hata na mwenyekiti, mkopo kurejeshwa kwa tarehe yake. Na shida ya aliyeomba mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, isifike kisimani.

Mwezeshaji, sikuchukii. Ulitufundisha katiba kwa subira, hata sisi wazee wa macho mabovu. Jumatano ijayo kaa pembeni, utuache tukosee, kisha utuelekeze.

Nawe binti uliyenyoosha mkono ukaushusha mwezeshaji alipokutazama, nilikuona. Swali lako lilikuwa la haki. Njoo ukae kwenye mkeka wangu. Salio mimi nimelikariri. Njoo na lako, tuyalinganishe kabla sanduku halijafunguliwa.

Bibi yenu, mshiriki wa kikundi