Shwari ya alfajiri isikudanganye

Ngarenairobi, Siha
6 Aprili

Baba Upendo, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Mama watoto anauliza kama yale maparachichi uliyoahidi yanakuja kwa basi au kwa miguu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Trekta umepata, bumu (lile bomba refu la kunyunyizia) ya mita 12 umepata, ngano ina wiki nne, na Jumamosi unapiga 2,4-D, ile dawa ya magugu ya majani mapana, saa kumi na mbili asubuhi "kukiwa shwari, hata jani halitikisiki." Hapo ndipo nilipotafuta kalamu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka juzi, yakanigharimu magunia sita.

Unalijua shamba langu la juu, lile linaloteremka hadi korongoni. Nilipiga alfajiri, kweupe ndiyo kwanza kunaingia, umande umejaa, kimya kabisa. Kengele ya kanisa la ng'ambo ya bonde, ambayo mchana siisikii, siku hiyo ilikuwa kama inagongwa nyuma ya trekta. Nikafurahi, nikijua nimewahi upepo. Siku ya tatu akaja bibi mwenye bustani kule chini, kashika mche wa nyanya. Hakugomba. Aliuweka tu juu ya boneti. Shina limejipinda kama mkia wa kinyonga, majani membamba yamejikunja kama ya feni. Toka mwisho wa ngano yangu hadi kwake ni kama mita mia nne, tena katikati kuna migomba. Nikabisha kwanza (unanijua), halafu nikaenda kuona. Matuta yote ya upande wa korongo yalikuwa hivyo. Tukayamaliza nyumbani, kwa ngano.

Kilichotokea ni hiki. Mchana jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa ya chini, hiyo inapanda na ya juu inashuka, hewa inachemka kama uji. Vitone vidogo vya dawa vikibaki hewani vinachanganywa na kupelekwa juu, vinatawanyika mpaka havina nguvu. Usiku usio na mawingu mambo yanageuka. Ardhi inapoa haraka, inapoza hewa iliyoigusa, na hewa baridi ni nzito, inalala. Yenye joto inaikalia juu kama kifuniko cha sufuria. Wataalamu wanaita inversheni. Mimi nimezoea kusema kifuniko. Dawa ikinaswa chini yake haipandi wala haitawanyiki, na vile vitone vyepesi havianguki upesi. Kitone cha mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, kinashuka mita 3 kwa sekunde kama 10, lakini cha mikroni 20 kinachukua zaidi ya dakika 3. Kwa muda huo, hewa baridi ya mlimani inateremka polepole kama maji ya mfereji, na kinafuata. Huusikii huo upepo shavuni. Nyanya zinausikia.

Kwa hiyo shwari ya mchana na shwari ya alfajiri ni vitu viwili. Kifuniko huanza jua likielekea kuzama, mara nyingi saa kumi na moja jioni kishaanza, kinazidi usiku kucha, na kinakuwa kigumu kuliko wakati wote karibu na macheo. Kinavunjika saa moja au mbili baada ya jua kutoka, na kwenye bonde kama lenu kinaweza kuchelewa zaidi. Usiku wa mawingu mazito na upepo huwa hakuna shida hiyo.

Simu haitakuambia. Inakupa joto la kimo kimoja tu, na mara nyingi la mji mwingine. Australia kwenye ngano na pamba wana mtandao wa minara unaopima joto kwa vimo tofauti na kutoa taarifa kila dakika 10. Sisi tuna mti na kamba. Nimenunua vipimajoto viwili vya dijitali, vile vya friji vyenye waya mrefu. Kichwa cha kimoja nimekifunga sentimita 30 kutoka chini, cha pili mita 3, kila kimoja chini ya sahani mbili nyeupe za plastiki zilizoachana, jua lisikipige. Vioo vyote viko usawa wa macho. Kabla ya kuvifunga, vitumbukize vichwa vyote viwili kwenye ndoo moja ya maji. Vyangu vilipishana nyuzi 0.6, na bila kulijua hilo ningekuwa nasoma uongo kila siku.

Juzi saa kumi na mbili na nusu chini kulikuwa 11, juu 14. Hicho ni kifuniko kamili. Saa mbili na robo vikalingana. Saa tatu kasoro chini kukapita juu kwa joto, kiupepo kikaanza kugusa majani, ndipo nikawasha. Kama hujapata vipimajoto, choma majani mabichi kidogo pembeni mwa shamba: moshi ukipanda na kupotea, sawa, ukinyooka kama mkanda ukalala juu ya ngano, rudi ukanywe chai.

Upepo nautaka uwepo, kilomita 3 hadi 15 kwa saa, tena unavuma kutoka kwenye maharage ya jirani, si kuyaendea. Bumu iwe sentimita 50 juu ya mmea, nozeli (vile vitundu vya kutolea dawa) za matone makubwa. Na ukifika saa tano jua likiwa kali, simama, maana hapo matone yanakauka yakiwa njiani. Najua muda unakuwa mfupi. Mimi heka thelathini sasa nazimaliza kwa siku tatu badala ya moja, na dereva wa trekta ananung'unika kila asubuhi akinikuta nimekodolea mti.

Nyuki umeniuliza. Wakati huo wapo nje, ndiyo, kwa hiyo wenye mizinga waambie jana yake, na usipige penye magugu yaliyochanua.

Nimekutumia vipimajoto viwili kwa basi la Alhamisi, vimo ndani ya soksi kwenye kiroba cha maharage. Dereva nimeshamlipa, usimpe kitu tena. Jumamosi usiwashe mpaka uniandikie namba za juu na za chini.

Msalimie mama Upendo na watoto.

Wako,
Baba Glory