Kwenu mnaoogopa kupiga magoti

Wanangu wapendwa,

Mmenijia mmoja mmoja baada ya ibada, na maneno yenu yamefanana hata nikadhani mmeagana: "Mzee, utuombee. Sisi tukiomba, Mungu hatatusikia." Nimewaombea, nami sitaacha. Ila nimechoka kugeuzwa bawabu wa nyumba ya baba yenu.

Kuna aliyeapa kuacha jambo fulani, akalirudia kabla wiki haijaisha. Kuna asiyeomba tangu alipofiwa, na sasa anaona haya kurudi, kama mtu aliyekopa akapotea. Wengine mnawasikia wenye maombi marefu ya sauti kubwa, mnajiona hamna maneno. (Sina ugomvi nao, ila Petro alipoanza kuzama ziwani aliomba maneno mawili tu: "Bwana, niokoe.") Nyote mnangoja kitu kimoja: mtengenee kwanza, ndipo mwende.

Someni tena Luka 15. Yule mwana mpotevu alitunga maneno yake angali kwa nguruwe, na mwisho akaweka ombi kwamba afanywe kama mmoja wa watumishi. Sasa tazameni mstari wa 21. Anakiri dhambi, anasema hastahili kuitwa mwana, na hapo anakatizwa. Lile ombi la utumishi halitoki kinywani. Baba ameshaagiza vazi, pete na viatu. Nimeisoma habari hiyo miaka mingi bila kugundua kwamba kijana hakumaliza kusema. Tena busu lilitangulia vazi. Alikumbatiwa angali amevaa matambara yake, na hakuna aliyemtuma akaoge.

Nami niliwahi kumdhulumu ndugu yangu, nikanyamaza. Karibu mwaka mzima niliongoza maombi mbele ya watu, lakini chumbani magoti yalikataa. Nilijiambia nitaomba nikishapatana naye; na kwa kuwa siombi, moyo wa kumwendea sikuupata. Usiku mmoja nikasema, "Baba, naona aibu kusema nawe." Basi, nikakaa kimya. Hakuna moto ulioshuka. Asubuhi nilikwenda kwa ndugu yangu.

Najua mtanikumbusha Mathayo 5, uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Ni kweli, na uliyemkosea umwendee. Lakini Yesu hakukukataza kumlilia Mungu akupe nguvu za kwenda.

Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri "ili tupewe rehema". Rehema anapewa nani, kama si mwenye kosa? Na ujasiri wenyewe hautoki kwetu. Mstari unaoutangulia unamtaja Kuhani Mkuu, yaani Yesu, aliyejaribiwa sawasawa na sisi, bila kutenda dhambi. Tunaingia kwa ajili yake.

Usiku wa leo anza na hiyo aibu. Mwambie lile hasa ambalo ungependa asilijue. Maneno yakigoma, ugua tu. Warumi 8:26 yasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Usingizi ukikuchukua katikati ya sentensi, lala, kesho uendelee ulipoishia.

Na mkinijia tena baada ya ibada, karibuni. Ila nitawauliza kwanza kama Yeye mmeshamwambia.

Ni mimi,
Mzee wenu